Nilivyokwenda Kuiulizia Mvua

Tangu nirudi, kila anayepita uani kwangu ananiuliza kilichotokea, na kila mmoja anataka nianzie mahali tofauti. Wengine wanataka habari za daraja, wengine za kuku. Nimechoka kusimulia kwa vipande. Nimekaa sasa niandike yote mara moja, tena niandike nikiwa bado na hasira, kwa maana najijua: nikingoja wiki mbili nitakuwa nimekwisha kusamehe, na habari iliyokwisha kusamehewa haina chumvi. Mungu ashukuriwe kwanza. Nilikwenda, nikarudi mzima.

Kabla ya kuondoka

Wengi wenu mnamjua Raheli, lakini nitaandika kama kwamba hammjui, maana karatasi husafiri. Raheli ni shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu Msengi. Miaka mingi iliyopita mradi mmoja wa kilimo ulipita vijiji vya huku Kinyangiri, ukaweka vipimo vya mvua katika nyua chache. Uwanja wa Msengi ulichaguliwa kwa sababu hauna mti wala paa karibu. Walisimamisha kopo refu la bati lenye mdomo mpana, wakalichimbia chini kidogo lisiangushwe na mbuzi, wakazungushia wigo. Kila siku saa tatu asubuhi Msengi alikuwa akimimina maji yaliyoingia humo kwenye bilauri yenye mistari, anasoma, anaandika kwenye daftari, kisha anayamwaga. Msengi alipofariki, Raheli akaendelea. Hakuna aliyemlipa. Alisema kazi ya marehemu haiachwi katikati ya mstari.

Mwaka huu mvua ilianza vizuri, tukapanda, halafu ikakatika. Wiki ya kwanza tulivumilia. Ya tatu mtama ulikuwa umefika magotini ukasimama, majani yamejikunja. Alizeti ilikuwa imeinama kabla hata ya kuchanua. Kanisani tulifunga na kuomba. Na hapo ndipo watu walewale niliopiga nao magoti walipoanza kunong'ona: mbona Raheli anaimwaga mvua kila asubuhi? Mbona ana kitu kimezikwa uani? Anaimwaga kabla haijafika mashambani!

Jumapili baada ya ibada mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Mzee Kitundu, ambaye ni mzee wa kanisa, nami mwinjilisti mstaafu, tumekunywa kikombe kimoja cha meza ya Bwana zaidi ya miaka thelathini, ndiye aliyesimama akasema Raheli aling'oe lile kopo na aondoke yeye pia, arudi kwao alikozaliwa.

"Kwao wapi?" nikauliza. "Ana wajukuu sita hapa."

"Mwinjilisti, wewe ni shemeji yake. Huwezi kuona vizuri."

Miaka arobaini nimefundisha katika kijiji hiki kwamba Mungu huwanyeshea mvua wema na waovu, nao wakaitikia amina, na siku mvua ilipokawia wakaenda kumkamata mjane! Nikaomba wanipe muda niende kwa wenye kopo, nilete maelezo yao. Mwenyekiti akafikiri, akasema, "Lete barua. Yenye muhuri. Tunakungoja mpaka Jumamosi. Bila barua, shemeji yako ataondoka Jumamosi hiyohiyo."

Ofisi ya mradi ule siku hizi ipo Dar es Salaam.

Kinyangiri hadi Singida

Jumatatu niliondoka na mfuko mmoja. Ndani kulikuwa na shati la pili, karanga za kukaanga, na madaftari ya mvua, ya Msengi na ya Raheli, yamefungwa kwa khanga. Raheli mwenyewe ndiye aliyenikabidhi.

"Shemeji, usiyaloweshe."

"Nitayaloweshea wapi? Ingekuwa kuna mahali pa kuyalowesha, ningekuwa nakwenda?"

Akacheka kidogo. Ndiyo mara pekee nilipomwona akicheka wiki ile.

Barabara mpaka Iguguno ilikuwa vumbi tupu, na mashamba ya pande zote mbili yalikuwa ya kijivu. Kila niliyekaa naye kwenye gari alikuwa na mtu wake wa kulaumu. Mama mmoja wa vitunguu alisema mvua imezuiwa na wachimba dhahabu wa Sekenke, kwa kuwa ardhi ikiwa na maji mashimo yao hujaa. Kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua alisema ni minara ya simu. Hakuna aliyesema hajui. Nililala Singida kwa binamu yangu, nikala ugali wa uwele na mlenda.

Mkiwa

Jumanne basi lilitoka vizuri, na nikaanza kumshukuru Mungu mapema mno. Tulipofika Mkiwa, pale njia panda ya kwenda Itigi, gurudumu la nyuma lilianza kulia. Beringi imekufa, akasema utingo, kana kwamba anatangaza msiba wa jirani wa mbali. Beringi nyingine ingetoka Manyoni kwa pikipiki. Tulikaa saa nne.

Wauza asali na kuku walituzunguka. Mama mmoja aliyebeba chupa za asali kwenye beseni aliniamkia, akaniuliza ninakwenda wapi. Nikafanya kosa la kusema ukweli.

"Nakwenda ofisini kuuliza habari za mvua."

Akatua beseni. "Kuuliza? Kwani kuna ofisi?"

"Ipo. Wanapima tu, mama. Hawaitengenezi."

Lakini alikuwa amekwisha kugeuka. "Njooni! Mzee huyu anakwenda Dar kuifungulia mvua!"

Walikuja watu kama kumi na watano. Mmoja alinipa muhogo wa kuchemsha. Mwingine alitaka niandike jina la kijiji, wasije wakasahauliwa kwenye orodha. Nilieleza mpaka sauti ikakauka kwamba hakuna orodha, kwamba mimi ni mwinjilisti mstaafu, kwamba mvua ni ya Mungu. Yule mama wa asali akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Sawa baba, tumeelewa, mambo haya hayasemwi hadharani. Ila ukifika waambie nyuki wetu hawana maua. Chupa hizi ni za mwaka jana."

Nikala muhogo wao kwa aibu. Nilijisikia kama mwizi.

Manyoni hadi ng'ambo ya Gairo

Manyoni alipanda mzee mmoja mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, akakaa kando yangu. Jina lake Athumani, mstaafu wa reli. Alipoona khanga yangu akauliza ni Maandiko gani yanafungwa hivyo. Nikamfungulia. Akayasoma madaftari ukurasa kwa ukurasa kutoka Manyoni mpaka tulipoanza kuona Dodoma, huku akigonga safu za namba kwa kidole.

"Mwinjilisti, mwandishi wa hizi ni mtu makini. Siku isiyo na mvua ameandika sifuri. Mvivu huacha wazi."

"Ni mwanamke. Wanataka kumfukuza kijijini kwa kazi hiyo."

Nilipomaliza kumsimulia alilifunga daftari. Kisha akasema, "Stesheni yetu ilikuwa na kopo kama hilo. Nimelimwaga miaka kumi na tisa, asubuhi mbele ya abiria. Kuna miaka ya njaa humo. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniita mchawi. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na kofia ya kazi."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniingia kama mwiba na hayajatoka. Kopo ni lile lile, maji ni yale yale. Mwanamume mwenye kofia akiyamwaga ni mtumishi. Mjane mwenye khanga akiyamwaga ni mchawi.

Alikuwa pia mtu wa utani. Aliniambia mvua imetukimbia sisi Wanyiramba kwa sababu kwaya zetu zinapiga kelele mno. Nikamwambia ninyi wa Manyoni mnaomba kimya kimya, na mahindi yenu nimeyaona njiani yamekauka vilevile. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Tulipopita Gairo jioni ile, anga lilibadilika. Milima ya mbele ilikuwa imevaa mawingu mazito, na ikaanza kunyesha. Si manyunyu. Ilinyesha kama mtu anayemwaga pipa. Mbele kidogo magari yalikuwa yamesimama foleni, kwa kuwa mto ulikuwa umepanda juu ya daraja. Maji mekundu yalipita yakibeba magogo, na tukaambiwa hakuna gari litakalovuka mpaka asubuhi.

Nilishuka nikasimama pembeni ya maji yale. Siwezi kuwaficha: nilikasirika na Mungu. Kwetu tumefunga siku tatu kwa ajili ya tone moja, na hapa yanamwagika barabarani, hayana hata anayeyataka! Nikayasema kwa sauti. Athumani alinisikia, hakunikemea.

Kando ya barabara mama ntilie alikuwa ametandika turubai, anachemsha maharage kwenye sufuria kubwa kwa ajili yetu tuliokwama. Tulikula pale. Mimi nilikuwa bado nanung'unika maji yetu yamekuja huku, na yule mama, bila kuinua macho, akasema, "Baba, upepo unatoka baharini umelowa. Ukifika kwenye milima hii unalazimika kupanda, unajikamua hapa. Unaoteremka kwenda kwenu ni makapi. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo, na bibi yangu hakusoma."

"Kwa hiyo kila mwaka tunapata makapi?"

"Kila mwaka. Ila mwaka huu naona hata makapi hamkupata. Hilo la mwaka huu mimi silijui. Ongeza ugali?"

Alikuwa mtu wa kwanza tangu Kinyangiri kusema jambo fulani halijui. Nikaongeza ugali. Nikaongeza na shukrani.

Dar es Salaam

Jumatano maji yalishuka, tukavuka, tukaingia Dar kabla ya adhuhuri. Athumani, ambaye mwanawe anaishi huko, alinifikisha mpaka mlangoni pa ofisi, tukaagana.

Ndani, bwana mmoja mwenye tai alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika penye neno uchawi alitabasamu.

"Mzee, hatuandiki barua za mambo hayo. Ungepiga simu tu."

"Simu haina muhuri."

"Sasa muhuri utamzuia nani kuamini uchawi?"

"Bwana," nikamwambia, na nilikuwa nimesimama pia, ingawa miguu ilivimba, "kopo ni lenu. Mliliweka nyinyi, mkaondoka. Mama huyu amewaandikia namba kila siku bila hata soda. Leo anafukuzwa nyumbani kwa ajili ya kopo lenu, na wewe unaniambia ningepiga simu?"

Binti mmoja aliyekuwa mezani kwake nyuma ya kioo alitoka, akaniamkia shikamoo, akaniomba nikae. Jina lake Neema. Akauliza, "Baba, ulisema ni Kinyangiri? Madaftari ya Raheli?" Nikamwonyesha. Aliyapokea kwa mikono miwili. Alisema kila mwezi namba za Raheli humfikia kwa simu, anazijua kama anavyojua namba ya mama yake, na hakujua kwamba mwandikaji ni mtu mzima wa miaka sitini na tisa.

Akanifungulia ramani ya bahari kwenye kompyuta, ina rangi nyekundu na buluu. Nitaandika alivyonieleza, kwa kuwa wengi mmeniuliza hili zaidi ya yote.

Hewa ikipata joto hupanda, akasema, na ikipanda mahali ni lazima ishuke mahali pengine, kama maharage yanavyopanda katikati ya sufuria na kushuka kandokando. Panapopanda ndipo mawingu hujengeka. Panaposhuka anga hukauka. Kinachoamua ipande wapi ni jua, na pia bahari, kwa kuwa bahari hutunza joto kuliko nchi kavu. Mwaka ambao bahari ya upande wetu ina joto, hewa hupanda huku, nasi tunapata mvua hata ya kuzidi. Mwaka huu bahari ya upande wetu imepoa kuliko kawaida, na ile ya mbali, huko karibu na visiwa vya Asia, ndiyo yenye joto. Kwa hiyo hewa inapanda kwao, na inashuka juu yetu. Tena kuna kimbunga karibu na Madagaska ambacho kwa wiki mbili kimekuwa kikivuta upepo wenye unyevu kwenda kwake.

"Kwa hiyo mvua yetu ipo Asia," nikasema.

"Sehemu yake, baba, tunaweza kusema hivyo."

Nikamwuliza bahari inapashwa moto na nani. Akasema kupanda na kushuka huko kwa mwaka hadi mwaka ni maumbile yake, kumekuwapo siku zote. Lakini juu ya hapo bahari zote zinaongezeka joto kidogo kidogo kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, na moshi mwingi umetoka nchi za mbali kwa muda mrefu, na hilo linafanya majira yawe magumu kutabirika. Hapo nikaufikiria mkutano wetu wa Jumapili. Wenye moshi hawakuitwa. Aliyeitwa ni Raheli.

Kisha Neema akafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwenyewe nikiwa nyumbani. Alijumlisha madaftari mwaka kwa mwaka, akaniuliza, "Baba, mwaka gani mlivuna sana?" Nikamtajia. Akaonyesha kwa kidole: ndio mwaka Raheli alimwaga maji mengi kuliko yote.

Niliweka mkono kichwani. Nilikuwa nimebeba jibu kwenye khanga safari nzima.

Barua iliandikwa siku ileile. Yule bwana wa tai ndiye aliyetia sahihi na muhuri, na kabla ya kunipa aliniomba radhi, naandika hilo kwa haki. Neema aliongeza aya ya mwisho: kwamba kimbunga kinadhoofika, upepo wenye unyevu wa upande wa Kongo unaanza kutufikia, na kuna uwezekano mkubwa mvua ikarudi Singida kuanzia usiku wa Alhamisi.

"Uwezekano tu, baba. Naweza kukosea."

"Andika hivyohivyo," nikamwambia. "Kwetu tuna watu wengi mno wasiokosea."

Kurudi

Alhamisi niliondoka alfajiri, nikafika Singida jioni nikiwa sina la kulalamikia isipokuwa muziki wa dereva. Ijumaa niliamshwa na kishindo juu ya bati la binamu yangu. Mvua! Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikalia.

Nilifika kwa Raheli nimelowa, madaftari yamelala kifuani chini ya shati. Nilimkuta ameketi mlangoni, vifurushi vyake viwili nyuma yake. Uani wigo ulikuwa umevunjwa. Pale pa kopo palikuwa na shimo, na kando ya shimo ameweka bakuli la ugali, linapokea mvua.

"Walikuja jana asubuhi," akasema. "Kitundu na wenzake. Wakaling'oa, wakalitupa mtaroni. Usiku ikanyesha."

Nilielewa mara moja. Mnaoishi hapa mnaelewa pia. Wamelitoa kopo, mvua imekuja. Nani sasa atasikia habari za Asia?

"Wamepita hapa wakienda kulima," akaendelea. "Wanaimba. Kitundu ameniambia, umeona sasa?"

"Na hilo bakuli?"

"Bakuli si kipimo," akasema Raheli. "Lakini sikutaka kuandika sifuri ya uongo."

Mkutano

Jumamosi walikuja wote, na walikuja wamefurahi, jambo lililoniudhi zaidi. Kitundu alisimama kwanza, akasema jambo limejionyesha lenyewe, hakuna haja ya barua, mama aondoke kwa amani. Nikamkabidhi mwenyekiti bahasha. Nikamwomba asome mwenyewe, kwa sauti, aanze na tarehe iliyo kwenye muhuri.

"Ya Jumatano," akasema.

"Kopo liling'olewa lini?" nikauliza.

"Alhamisi," wakajibu wengi.

"Sasa soma aya ya mwisho."

Alisoma taratibu. Alipofika kwenye maneno usiku wa Alhamisi alisimama, akarudia, kisha akamtazama Kitundu. Barua ilikuwa imeandikwa kabla mtu yeyote hajagusa wigo wa Raheli. Nikafungua madaftari, nikawasomea mwaka wa mavuno makubwa, na maji yaliyomwagwa mwaka huo. Nikawaeleza habari za bahari jinsi nilivyoelezwa. Nikadhani nimeshinda.

Kisha mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. "Kumbe ni Mwinjilisti aliyeileta! Aliiandikisha Jumatano!"

Uwanja ukalipuka. Mtu akanisukumia kuku jike kwapani. Kitundu huyohuyo akanishika mkono akisema Mungu amenitumia. Nilipandwa na ghadhabu ambayo sijawahi kuwa nayo mbele za watu. Nikamrudisha kuku. Nikawaambia mmetafuta mchawi mkamkosa, sasa mnatafuta mganga, na wote wawili mnataka wawe kwenye ukoo wetu! Nikawaambia, na narudia hapa kwa maandishi, kwamba anayemdhania mtu kuwa na mvua mkononi, kwa ubaya au kwa wema, amemsahau Mwenye mvua.

Raheli akasimama.

"Mimi siondoki," akasema. "Na kuku simtaki. Walioling'oa walirudishe, leo. Na kesho saa tatu, kabla ya ibada, waje wamwage wao."

Walilirudisha. Usiku ikanyesha tena. Jumapili saa tatu tulikuwa watu kama thelathini kwenye wigo. Raheli alimimina maji kwenye bilauri, akamwonyesha Kitundu mstari, akaandika, akampa ashike.

Kitundu alikaa na bilauri ile mkononi. Juu palikuwa na wingu zito, mashamba yalikuwa yanakunywa. Akanitazama mimi, akamtazama mwenyekiti, kana kwamba mmoja wetu angempokea.

"Mwaga, mzee," akasema Raheli. "Kesho nitahitaji bilauri."

Akafumba macho, akamwaga. Na sisi sote tukatazama juu. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitazama juu.